Kabla ya kupanda mwambani kutafuta Rhizocarpon
Ijue sura yake ungali nyumbani. Rhizocarpon ni jenasi ya likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, na huganda juu ya jiwe kama ukoko, hata ukucha haupati pa kuingia. Inayofahamika zaidi ni Rhizocarpon geographicum. Ukiisogelea utaona visahani vya njano iliyochanganyika na kijani, vimepasukapasuka kama tope lililokauka, na kati yake vitone vyeusi vinavyotoa spora, yaani chembe za kuzaliana. Ukingo wake ni mweusi pia. Zinapokutana mbili, mstari mweusi hubaki katikati kama mpaka kwenye ramani, na ndiyo asili ya jina lake. Lakini usitafute njano tu: spishi nyingi za jenasi hii ni za kijivu au kahawia.

Pili, chagua jiwe. Nyingi hupenda itale na miamba mingine yenye silika (madini yaliyomo kwenye mchanga wa kawaida), mahali peupe penye mwanga, milimani na kwenye nchi za baridi hadi Antaktika. Kwenye mawe ya chokaa utazikosa mara nyingi. Rhizocarpon lavatum nayo hukaa kwenye mawe yanayolowa kando ya vijito.

Mkobani weka lenzi inayokuza mara 10, rula ya milimita, kamera na daftari. Viatu viwe vya kushika vizuri, maana mwamba wenye likeni ukilowa huteleza vibaya.

Nyundo na tindo viache. Likeni hii haitoki bila kuvunja jiwe, na mara nyingi haifikishi hata milimita 1 ya upana kwa mwaka. Ile yenye upana wa kiganja huenda ilianza kukua kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Pigo moja tu linaimaliza. Kama kweli unahitaji sampuli kwa utafiti, omba kibali cha wenye eneo kwanza, kisha chukua kidogo kabisa.

Jizoeze kupima kabla ya kwenda. Mtaalamu wa mimea Roland Beschel wa Austria, katika miaka ya 1950, alitumia upana wa likeni kukadiria ni lini barafu iliondoka juu ya mawe. Tafuta iliyo duara na iliyo peke yake. Ukiona mstari mweusi umekatiza katikati, hapo zipo mbili. Usizipime kama moja.