Jinsi ya kutengeneza lijamu ya kuongozea punda mwenye nguvu

Mwongozo huu ni wa fundi wa kuchomelea na wa mwenye punda pia. Lijamu, yaani chuma cha mdomoni cha kumwongozea mnyama, ikitengenezwa na fundi asiyemwona mnyama, kinachopatikana ni chuma tu.

Kazi hii naifanya Ngamiani, Tanga. Wateja wangu ni wenye mikokoteni wa hapa mjini na wafugaji wanaoteremka kutoka Handeni na Kilindi. Farasi huku pwani ni wa kuhesabu, kwa sababu mbung'o hueneza nagana na usubi hueneza ugonjwa wa farasi, nao hawahimili kama punda wanavyohimili. Kwa hiyo vipimo nitakavyotoa ni vya punda. Kwa farasi utabadilisha ukubwa, njia ni ileile.

Jambo moja lieleweke kabla hatujashika msumeno. Punda mzima ana kilo 150 au 200, na wewe una ngapi? Humshindi kwa kuvuta. Lijamu ni ya kumwambia kitu, naye huelewa pale unapoachia, si pale unapovuta. Akisikia uzito mdomoni, akatii, uzito ukaondoka papo hapo, kesho atatii mapema zaidi. Uzito ukibaki baada ya kutii, atajifunza kupigana nao. Kwa hiyo kila pete, kila kona na kila mkanda nitakaoutaja hapa ninaupima kwa swali moja: kamba ikilegea, hiki nacho kinalegea?

Kwanza jiulize kama anaihitaji

Punda wengi hawahitaji lijamu. Hatamu ya kawaida, yaani mikanda ya kichwani isiyo na chuma mdomoni, iliyokaa vizuri, isiyoshuka kwenye mfupa laini wa pua, inatosha, na wateja kadhaa nimewarudisha na hatamu badala ya lijamu. Anayeihitaji ni dume asiyehasiwa anayebadilika akinusa jike, au punda mkubwa anayepita kati ya bodaboda na malori na kuna hatari akichomoka.

Punda aliye kati ya miaka miwili na nusu na mitano bado anabadilisha meno. Huyo mchunguze kwa makini zaidi, na akiwa na jino linalotoka au ufizi uliovimba, subiri.

Hatua ya 1: Soma mdomo

Mshike kwa hatamu, simama ubavuni, ingiza kidole gumba pembeni mwa mdomo. Nyuma ya meno ya mbele utakuta pengo la ufizi mtupu, na baada yake magego. Lijamu hukaa kwenye pengo hilo. Madume huwa na chonge ndani ya pengo, majike mara nyingi hawana. Chuma kisigonge chonge hizo. Papasa pia mbele kidogo ya gego la kwanza. Wengine wana kijino kidogo hapo, na lijamu ikikigusa mnyama hurusha kichwa kila unapovuta. Kikiwepo, au magego yakiwa na ncha kali zilizochana shavu, mwite daktari wa mifugo kwanza. Hakuna ufundi wa chuma unaotibu jino.

Sasa angalia ulimi. Ulimi wa punda ni mnene, unajaza mdomo, na kaakaa lake liko chini. Ukiona hivyo utaelewa kwa nini sipendi lijamu yenye kiungo kimoja katikati kwa kazi ya kuongoza. Kamba ya kuongozea huvuta pete zote mbili kwa pamoja kutoka chini ya kidevu, kiungo hujikunja, pande mbili za fimbo hubana taya na ncha ya kiungo huenda juu kwenye kaakaa.

Kipimo cha upana: chukua kijiti laini cha mti usio na utomvu, unene wa kidole kidogo, kipitishe mdomoni pale lijamu itakapokaa, weka alama panapoishia midomo kila upande. Ongeza milimita 5 kila upande. Mdomo wa milimita 95 unataka lijamu ya 105. Ikiwa nyembamba kuliko hapo pete zitabana midomo. Ikiwa pana sana itateleza huku na huku na tao litatoka mahali pake.

Hatua ya 2: Chora kwa ukubwa wake halisi

Chukua boksi la katoni ukate umbo. Lijamu hii ina sehemu tatu: fimbo ya mdomoni yenye tao dogo, pete mbili zinazozunguka, na mkanda wa kidevuni unaoziunganisha pete hizo na kamba moja.

Tao ndilo linaloupa ulimi nafasi. Kwa fimbo ya milimita 105, katikati inuka milimita 10 hadi 12. Zaidi ya hapo litagusa kaakaa, chini ya hapo ulimi unabeba uzito wote. Mkunjo uwe mrefu na mpole tangu pembeni, usiwe kona iliyoibuka katikati.

Uingereza kuna lijamu ya kuongozea farasi wanaosimama kwa miguu ya nyuma, inayoitwa Chifney, yaani duara jembamba la chuma linalozunguka taya ya chini. Ni kali mno na inataka mkono uliofunzwa. Simtengenezei mtu anayempitisha punda sokoni.

Wengine huniomba lijamu yenye mikono mirefu, yaani vyuma vya pembeni vinavyoshuka kutoka mdomoni, na mnyororo wa kidevuni, wakiamini ndiyo dawa ya mbishi. Piga hesabu kwanza. Mkono wa juu ukiwa sentimita 4 na wa chini sentimita 8, ukivuta kwa nguvu ya kilo 10, mnyororo unabana kidevu kwa kilo 20 na fimbo inakandamiza mdomo kwa kilo 30. Kijana aliyekasirika huvuta zaidi ya kilo 10, na mikono hiyo mirefu huchelewa kurudi kamba inapolegea. Kwa kuongoza, sitengenezi.

Hatua ya 3: Chagua chuma

Fimbo: chuma kisichoshika kutu, daraja la 304, mviringo laini wa milimita 14. Milimita 12 inafaa kwa punda mdogo. Chini ya 10 chuma kinaanza kukata. Watu hudhani nene ndiyo pole, lakini kwa mdomo wa punda milimita 18 zinamzuia kufunga mdomo.

Pete: mviringo wa milimita 8, daraja lilelile.

Chuma cha kawaida kisicho na matuta kinakubalika ukikosa hicho, ila kitashika kutu haraka kwa hewa yetu ya chumvi. Nondo ya ujenzi hapana. Matuta yake ni msumeno. Cheni ya baiskeli na waya hapana kabisa; nimeona ndimi zilizokatika kwa vitu hivyo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo. Chuma kilichopakwa zinki nacho kiache: moshi wake unapochomelea humletea fundi homa, na zinki haifai kutafunwa.

Hatua ya 4: Fimbo na matundu yake

Kata vipande viwili vya mviringo wa milimita 18, kila kimoja urefu wa milimita 18. Hivi ndivyo vichwa vya fimbo. Toboa kila kimoja tundu la milimita 9.5 kwa keekee, kisha punguza kingo za tundu kwa keekee ya ncha pana zaidi ili zisiwe kali. Pete ya milimita 8 itapita na nafasi ya milimita moja na nusu. Nafasi hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Ikibana, pete haizunguki na uzito hauondoki kamba ikilegea. Ikipwaya, ngozi ya mdomo huingia katikati na kufinywa.

Pasha fimbo hadi iwe nyekundu, ikunje taratibu kwenye jiliwa, kila mara ukilinganisha na katoni. Ilaze mezani na tao lake, weka vichwa kila mwisho, matundu yote mawili yakitazama juu sambamba. Bandika kwa nukta moja moja, hakikisha umbali kati ya vichwa kwa ndani ni 105, ndipo uchomelee mzunguko mzima. Tumia fimbo za kuchomelea za 308L, zile za chuma kisichoshika kutu. Zile za kawaida za 6013 zitaacha mshono unaoshika kutu na kupasuka.

Hatua ya 5: Pete

Kipenyo cha ndani milimita 60. Huna haja ya kalibu maalumu, bomba la chuma la inchi mbili lina kipenyo cha nje cha milimita 60 na ushei. Urefu wa kukata: 68 mara 3.14, yaani milimita 214. Pasha, zungushia bomba, pitisha kwenye tundu la fimbo, funga na uchomelee. Mshono huo usawazishe kwa tupa hadi upite tunduni bila kukwama hata kidogo. Zungusha pete mara nyingi ukiwa umefumba macho. Kidole kitasikia kilichofichika.

Hatua ya 6: Kulainisha

Hapa mafundi wengi huchoka, na hapa ndipo mdomo wa mnyama unapoumia. Grenda kwanza, kisha tupa, kisha msasa namba 80, 120, 240, 400 na 600. Usiruke namba. Ukimaliza vuta kipande cha soksi ya nailoni juu ya fimbo yote, kwenye mishono na ndani ya matundu. Uzi mmoja ukinasa, rudi kwenye msasa.

Jaribu nguvu: ning'iniza lijamu kwa pete moja kwenye boriti, pete ya pili ifungie mifuko mitatu ya saruji, kilo 150, uiache kwa saa moja. Fimbo isipinde, mshono usionyeshe ufa.

Hatua ya 7: Mkanda wa kidevuni na kamba

Mkanda uwe wa ngozi, upana wa milimita 25, toka pete moja hadi nyingine ukipita chini ya kidevu, na pete ndogo katikati ya kufungia kamba. Kamba ikiwa imelegea, vidole vitatu vipite kati ya mkanda na taya. Mnyororo una pingili zinazoshikilia. Ngozi hulegea mara moja.

Kamba ya katani tunayo tele, ila mpya ni ngumu na hukumbuka msokoto wake. Chukua ya milimita 14, urefu wa mita 3, iloweke usiku kucha, ivute kati ya nguzo mbili hadi ikauke, kisha ipitishe haraka juu ya moto kuchoma nywele zake zisikuchune viganja. Iunge na mkanda kwa ndoano yenye kichwa kinachozunguka, vinginevyo msokoto utaivuta lijamu hata ukiwa hujavuta wewe.

Mikanda ya kichwa ishike lijamu kwenye pembe za mdomo ikigusa tu, au ikitengeneza kunyanzi moja dogo. Punda anayeonekana kama anacheka amebanwa. Hatamu ya kawaida ibaki chini yake, maana mnyama hafungwi kwenye nguzo kwa lijamu hata kwa dakika moja. Akishtuka akarudi nyuma atavunja taya.

Hatua ya 8: Kumzoesha

Mara ya kwanza mvike zizini bila kamba, kama dakika 15, umtazame. Ataitafuna, atoke mate, ni kawaida. Akipitisha ulimi juu ya fimbo, pandisha mikanda tundu moja.

Siku inayofuata simama begani mwake, kamba mkononi bila kuizungushia kiganja. Bana vidole, usivute kwa mkono. Akisogea hata unyayo mmoja, fungua vidole hapohapo. Watu husema punda haendi bila kigongo, lakini punda niliowaona wakipigwa ndio wanaovuta zaidi. Akigoma, mgeuze kichwa pembeni apoteze mizani, asogeze mguu, uachie. Akinyanyuka miguu ya mbele, legeza kamba kabisa na usogee ubavuni. Ukining'inia atakuangukia.

Damu, mate yenye rangi, kichwa kinachorushwa juu, mdomo ulioachwa wazi: vua lijamu siku hiyohiyo, rudi hatua ya 1.

Kila jioni ioshe kwa maji baridi. Mara moja kwa wiki angalia matundu. Yakianza kuwa mviringo wa yai, au pete ikichimbika mfereji unaousikia kwa ukucha, kata pete na uweke mpya. Mkanda wa ngozi upake mafuta ya nazi kidogo, na ukipasuka kwenye bizimu usiushone, badilisha wote.