Namna ya kupambanua majonzi na ugonjwa kabla ya kuanza dawa za akili

Mtu aliyefiwa, aliyeachishwa kazi au aliyevunjikiwa na ndoa hulia, hukosa usingizi, huacha chakula mezani na hukaa kitako saa nzima asijue alikuwa anawaza nini. Maumivu hayo ni ya kweli, lakini si lazima yawe ugonjwa. Mara nyingi mtu wa namna hiyo huingia kwa daktari, akaeleza shida yake kwa dakika chache, akatoka na dawa ambazo atazimeza kwa miaka bila mtu yeyote kumuuliza kama bado anazihitaji. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake.

Sikuuandika kwa ajili ya mwenye skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo), mwenye ugonjwa wa bipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi) au mwenye sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa sababu kwa wengi wao dawa ndiyo inayowawezesha kuishi, na anayewatisha waiache anawadhuru. Vilevile, ikiwa unawaza kujiua, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huwezi kula wala kunywa, au umekesha siku kadhaa huku ukijihisi una nguvu zisizo za kawaida, nenda hospitali leo. Hatua zinazofuata zitasubiri.

Inafaa kwanza kujua jinsi mpaka kati ya majonzi na ugonjwa ulivyofifia. Mwongozo wa utambuzi wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ambao hufuatwa hata nje ya nchi hiyo, husema kwamba mtu ana sonona iwapo ana dalili 5 kati ya 9 kwa wiki 2 au zaidi, mojawapo ikiwa ni huzuni au kupoteza hamu ya mambo, na iwapo dalili hizo zinamtesa sana au zinamzuia kuendesha maisha yake. Toleo la mwaka 1994 lilimtaka daktari kwa kawaida asubiri miezi 2 kabla ya kumhesabu mfiwa kuwa mgonjwa. Toleo la mwaka 2013 liliiondoa subira hiyo. Waliobadilisha walikuwa na hoja, kwani wapo wafiwa wanaougua sonona kweli na wanaostahili kutibiwa mapema. Hata hivyo Allen Frances, daktari aliyeongoza kazi ya toleo lililotangulia, alipinga hadharani, na mimi naona alikuwa sahihi, maana wiki 2 baada ya mazishi wengi wetu tungezitimiza dalili hizo bila kuwa wagonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2013 likishauri kwamba mfiwa asiye na ugonjwa wa akili asipewe dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini, ambalo diazepamu imo ndani yake.

Basi anza na daftari. Kwa wiki 2, kila jioni, andika mistari mitatu au minne: ulilala saa ngapi, ulikula nini, saa gani ilikuwa nzito kuliko zote, na nini kilitokea kabla yake. Mfano wa ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi: “Jumanne. Nimelala saa sita, nikaamka saa tisa usiku. Asubuhi nilikuwa sawa. Saa nane mchana anayenidai alipiga simu, kifua kikabana mpaka magharibi. Dada alipokuja tukacheka kidogo.” Ukurasa huo unasema mengi. Kifua kilibana baada ya simu, hakikubana bila sababu; kicheko kilikuja mtu wa karibu alipofika; na kinachotafutiwa dawa hapo ni deni. Lau kurasa zote 14 zingeonyesha uzito uleule tangu asubuhi hadi usiku, dada aje asije, simu ilie isilie, hilo lingekuwa jambo jingine, na daftari hilo ndilo la kumpelekea daktari.

Mwombe pia akupime mwili. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, upungufu wa damu, pombe ya kila jioni na baadhi ya dawa, kama zile za kundi la steroidi zinazotuliza uvimbe na mzio, vinaweza kuleta hali inayofanana kabisa na sonona.

Daftari likionyesha kwamba chanzo ni tatizo la maisha, shughulika na tatizo lenyewe. Shirika la Afya Duniani limetengeneza msaada wa vikao 5 ambao hata mtu asiye mtaalamu wa akili anaweza kufundishwa kuutoa, na sehemu yake moja unaweza kuijaribu peke yako. Gawa shida zako katika mafungu mawili, zile unazoweza kuzibadilisha na zile zisizo mikononi mwako. Chagua moja katika fungu la kwanza, ikiwezekana iliyo nyepesi. Andika njia zote zinazokujia za kuikabili, hata zile za ajabu. Kisha teua moja na uipangie siku na saa. Mwenye deni, kwa mfano, anaweza kuamua kwamba Alhamisi saa nne asubuhi atapiga simu yeye mwenyewe na kupendekeza malipo ya kidogo kidogo, badala ya kuisubiri simu ya kumtisha. Pamoja na hilo, rudisha shughuli moja uliyoiacha tangu mambo yaharibike, kwa kiasi kidogo mno, hata kama hamu haipo, kwa kuwa mara nyingi hamu hufuata baada ya tendo.

Kwa usingizi, amka saa ileile kila siku hata kama umelala vibaya, usilale mchana, na ukikaa kitandani muda mrefu bila usingizi, inuka ukakae kwingine mpaka uje. Mwaka 2016 chama cha matabibu wa Marekani kilipendekeza kwamba tiba ya mazungumzo na mazoea ya namna hii itangulie vidonge kwa watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi.

Majonzi ya kufiwa sikuyawekea hatua. Mfiwa anahitaji watu wa kukaa naye na kulitaja jina la marehemu bila woga, na anahitaji muda kuliko wanaomzunguka wanavyodhani.

Inawezekana umefanya haya yote na bado hupati nafuu, na kuanza dawa si kushindwa. Ila usitoke kwa daktari kabla hujapata majibu. Dawa hii inalenga dalili ipi? Tutajuaje kwamba imesaidia, na lini? Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, ilhali madhara kama kichefuchefu huweza kuanza mapema, na baadaye wengine hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa au huhisi ganzi ya moyo, wasiweze kulia wala kufurahi. Tutaiacha lini? Swali hili ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ni la lazima kwa benzodiazepini, ambazo kwa kawaida hushauriwa zisizidi wiki 2 hadi 4 kwa sababu mwili huzizoea upesi. Mgonjwa akiwa na umri usiozidi miaka 24, aulize pia ni nani atakayemwangalia kwa karibu wiki za mwanzo, kwani dawa za sonona zina onyo rasmi nchini Marekani kuhusu mawazo ya kujiua kwa umri huo.

Na ikiwa tayari unazitumia, tafadhali usiache ghafla baada ya kusoma haya. Kuacha benzodiazepini ghafla kunaweza kuleta degedege kama ya kifafa na hata kuua. Kuacha dawa za sonona ghafla huweza kuleta kizunguzungu, ndoto kali, kulia ovyo na mishtuko kama ya umeme kichwani. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, kisha hurejea kwenye dawa kwa miaka mingine. Tazama tarehe: dalili za kuacha dawa mara nyingi huanza siku chache baada ya kupunguza, na hujumuisha mambo ambayo hukuwa nayo mwanzoni, ilhali sonona inayorudi huja polepole zaidi.

Panga na daktari kupunguza kwa hatua, mkichagua kipindi kisicho na mtihani, kesi wala kuhama. Hatua za mwisho ndizo zinazohitaji kuwa ndogo kuliko zote, kwa sababu hata dozi ndogo hufanya kazi kubwa kwenye ubongo, na kuruka kutoka hapo hadi sifuri ni anguko kubwa kuliko lile la kutoka dozi kamili hadi nusu. Miongoni mwa dawa za sonona, paroxetine na venlafaxine husumbua zaidi kuziacha, na fluoxetine husumbua kidogo kwa kuwa hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Muulize mfamasia kama dawa yako inapatikana kwa maji, ambayo ni rahisi kupima kidogo kidogo, na usikate wala kusaga kidonge chochote kabla hajakuhakikishia kwamba si cha aina inayoachia dawa polepole tumboni.