Somo moja, njia kadhaa: kufundisha darasa lenye uwezo tofauti kwa simu au kompyuta

Kwa miaka mingi nilikuwa naandaa kazi tatu kwa kila kipindi: ya wepesi, ya wastani na ya wanaochelewa. Zilinichosha, na watoto walijua fika nani kawekwa wapi. Siku hizi naandaa somo moja, kisha natumia kifaa kulifungulia njia zaidi ya moja. Tuchukue kifungu cha sayansi kuhusu mzunguko wa maji. Simu janja moja inatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Tafuta kinachomkwamisha mtoto
Weka alama za mtihani pembeni kwanza. Mpe kifungu kifupi akisome mwenyewe, umuulize maswali. Kisha msomee kingine, umuulize tena. Akishindwa alichokisoma lakini akajibu vizuri alichosomewa, sayansi haimsumbui. Kinachomsumbua ni kusoma. Akishindwa vyote viwili, huenda msamiati umemzidi, au hasikii vizuri. Watoto hawa wawili hupata alama zilezile, ila msaada wanaouhitaji haufanani hata kidogo.

Hatua ya 2: Chapa kifungu upya
Picha ya ukurasa wa kitabu haitoshi. Visoma skrini, yaani programu zinazosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, kama TalkBack, VoiceOver na NVDA (hii ya mwisho ni ya bure kwa kompyuta za Windows), hufanya kazi vizuri zaidi vinapopata maandishi yenyewe. Maandishi pia yanakuzwa bila kupoteza umbo, jambo linalomfaa mwenye uoni hafifu. Tumia herufi nyeusi juu ya rangi nyepesi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia maudhui ya mtandaoni, unataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kwenye mchoro, usiseme tu "tazameni mshale mwekundu", maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Andika juu ya mshale: mvuke unapanda.

Hatua ya 3: Rekodi sauti yako
Sauti ya mashine inasaidia, lakini mimi napendelea ya mwalimu mwenyewe, kwa sababu natua kabla ya neno jipya na kulirudia. Rekodi kila aya peke yake, isizidi dakika moja, na kila faili uliandikie namba ya aya yake. Mtoto aliyekwama aya ya tatu arudie hiyo tu.

Hapa niliwahi kukosea vibaya. Niligawa vipokea sauti kwa watoto watano tu, wale niliowaona dhaifu. Wanne hawakuvivaa kabisa. Juma lililofuata nikaruhusu yeyote asikilize, na waliokuwa wa kwanza kuomba ni wale wanaoongoza darasa. Wale watano wakavaa bila kuhimizwa. Tangu hapo sauti ni ya wote.

Ukitumia video, weka manukuu (maandishi ya maneno yanayosemwa, yanayotokea kwenye video) na uyakague kabla ya kipindi, maana yanayotengenezwa na programu hukosea hasa maneno ya kitaalamu. Kwa mtoto kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni ya alama, manukuu peke yake hayatoshi. Tafuta mkalimani au video yenye lugha ya alama anayoijua.

Hatua ya 4: Swali moja, majibu ya namna tatu
Uliza: maji ya dimbwi huenda wapi jua likiwaka? Mmoja aandike, mwingine ajirekodi, mwingine achore na kueleza. Kigezo kiwe kimoja kwa wote: ametaja joto, mvuke na hewa? Makosa ya tahajia yasipunguze alama hapa.

Hatua ya 5: Maswali matatu ya kufunga
Yaweke kwenye fomu ya mtandaoni, au kwenye karatasi kama hakuna intaneti. Usiku pitia majibu, upange makundi ya kesho kwa swali walilokosa. Makundi hayo yavunje mara tu swali hilo likieleweka.