Somo: Kuelea kwanza, kuruka baadaye. Helikopta ndogo ya rimoti katika nyumba za Dodoma

Wanaoanza kurusha helikopta ndogo za rimoti karibu wote hufanya kosa moja, nami nililifanya kwa majuma matatu mfululizo: kwa kuogopa kuivunja, huiacha ielee kiganja kimoja tu juu ya sakafu, wakidhani kwamba karibu na chini ndiko kwenye usalama. Kumbe hapo ndipo penye taabu kuliko mahali pengine popote chumbani, kwa sababu upepo unaosukumwa na mapanga hugonga sakafu, hutawanyika, kisha huirudia helikopta kwa mawimbi yasiyotabirika. Somo hili limepangwa kuzunguka jambo hilo moja, na mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyolisaidia.

Hatua ya kwanza: chombo chenyewe

Chagua helikopta yenye jozi mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, zinazozunguka kwa kupingana. Mapanga yakizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili; helikopta kubwa hulizuia jambo hilo kwa panga la mkiani, lakini hizi ndogo hutumia jozi ya pili kuifuta nguvu ya jozi ya kwanza. Ukitaka igeuke, rimoti huongeza kasi ya jozi moja na kupunguza ya nyingine. Kile kijiti chenye vizito viwili kinachozunguka juu kabisa si pambo: ndicho kinachoirudisha helikopta kwenye usawa inapoinama.

Hakikisha ina chaneli tatu, yaani kupanda na kushuka, kugeuka, na kwenda mbele au nyuma, na kwamba ina jairo ya kuizuia isizunguke ovyo. Syma S107, yenye urefu wa sentimita 22 hivi, ni mfano unaojulikana sana wa aina hii. Zenye chaneli mbili ni za bei nafuu, ila hujiendea mbele zipendavyo, na mwanafunzi huishia kujifunza kuokota.

Hatua ya pili: chumba

Sebule ya mita 4 kwa 4 inatosha. Zima feni, funga madirisha, na ufunge mapazia fundo, kwa kuwa pazia linalopepea huvutwa kwenye mapanga. Tandika mkeka wa ukindu katikati. Nimetaja mkeka kwa makusudi, si zulia, kwani nyuzi za zulia na nywele hujiviringisha kwenye shafti na gia hadi mota inaungua kwa kulemewa. Dari nayo ina hila yake: helikopta ikiikaribia mno, hewa iliyo juu yake hupungua na dari huonekana kama inaivuta. Mwisho wa kupanda kwako uwe usawa wa kichwa.

Hatua ya tatu: betri

Betri ni ya lithiamu polima ya volti 3.7, na ikijaa hufika volti 4.2. Huchajiwa kwa dakika 40 hivi, na hukupa dakika 6 hadi 8 za kuruka. Mara helikopta inapoanza kushindwa kupanda ilhali kijiti kiko juu, shusha na uzime. Kuilazimisha mpaka tone la mwisho ndiko kunakoiua betri. Baada ya kutua, iache ipoe dakika 10 au zaidi kabla ya kuichaji tena, na usiiache dirishani panapopigwa na jua la mchana. Betri iliyovimba haitengenezwi. Iondoe nyumbani bila kuitoboa.

Hatua ya nne: kuelea

Weka helikopta kwenye mkeka, mkia ukikuelekea wewe, nawe usimame mita 2 nyuma yake. Kijiti cha kushoto ni cha resi, kama wasemavyo madereva wa bodaboda. Kipandishe taratibu mpaka mapanga yaanze kuimba na miguu ya helikopta iwe myepesi, kisha, bila kusitasita, ongeza kidogo ili ipande moja kwa moja mpaka usawa wa kifua chako. Kusitasita ndiko kunakoiweka katika ile hewa chafu ya sakafuni. Ikifika juu, utaona ajabu ndogo: inatulia. Hapo punguza resi kwa upana wa ukucha, maana ikiendelea kupanda itaenda kuitafuta dari.

Sasa usifanye kitu. Ninasema hivyo kwa uzito wote, kwa sababu vidole vya mwanafunzi huwa na shughuli nyingi kuliko inavyohitajika. Tazama helikopta inataka kwenda wapi yenyewe. Ikizunguka polepole kulia, bonyeza kitufe cha kurekebisha cha kushoto mara moja, usubiri sekunde 2, kisha ubonyeze tena ikibidi, mpaka pua ibaki inatazama mbele. Lengo la siku ya kwanza ni hesabu ya polepole ya kumi na tano ikiwa juu, ndani ya eneo la mkeka, na si zaidi ya hapo.

Kanuni moja uizoeze mkono kabla ya kuizoeza akili: ikikaribia kugonga kitu, shusha resi yote. Silika humwambia mtu aongeze nguvu ili aiokoe. Helikopta ya gramu chache ikianguka kutoka kifuani hadi kwenye mkeka mara nyingi haipati hata mkwaruzo, lakini mapanga yanayozunguka kwa nguvu zote yakikutana na mguu wa meza, panga huvunjika na meno ya gia huliwa. Mapanga yangu matatu ya kwanza yalikufa kwa njia hiyo.

Wenzetu waliojifunzia Dar es Salaam watagundua kwamba hapa kijiti husimama juu zaidi. Si ubovu wa betri. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, hivyo mapanga hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba mzigo uleule, na betri huisha upesi kidogo.

Hatua ya tano: kwenda na kutua

Ukishaweza kuelea, sukuma kijiti cha kulia mbele kwa muda wa kupepesa jicho, kiachie, kisha kivute nyuma kidogo ili isimame. Kugeuka kujifunze mwisho. Kutua kunahitaji uvumilivu: punguza resi mpaka ishuke kama majani makavu, na ikifika kiganja kimoja juu ya mkeka, usiibembeleze hapo, ishushe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Nkuhungu): Mwalimu, shikamoo. Mkia ukinielekea ninaweza, lakini pua ikinielekea mimi, kulia na kushoto vinabadilishana, nami nachanganyikiwa. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Jione umeketi ndani ya helikopta, unatazama inakotazama. Kulia kwake ndiko kulia kwa kijiti siku zote. Anza kwa kuigeuza robo tu, uirudishe, mpaka macho yazoee. Ukichanganyikiwa ikiwa juu, usigeuze chochote. Shusha taratibu.

Swali (Kisasa): Waya wake wa kuchaji umekatika. Je, naweza kuunga betri moja kwa moja kwenye chaja ya simu?

Jibu: Hapana kabisa, ndugu yangu. Chaja ya simu hutoa volti 5, na ule waya ulikuwa na sakiti ndogo ndani yake inayozuia umeme usizidi volti 4.2 na usiingie kwa kasi. Ukiunga bila sakiti hiyo, betri inaweza kushika moto. Nunua waya mwingine wa aina hiyohiyo. Ukishaupata, chaja ya simu ya volti 5 haina tatizo.

Swali (Mpwapwa): Yangu inalia kama mashine ya kusaga. Nimeipaka mafuta ya kupikia lakini imezidi.

Jibu: Mafuta ya kupikia hunata, na kwa vumbi letu la kiangazi yanageuka kuwa msasa. Safisha gia kwa mswaki mkavu wa zamani, toa nywele kwenye shafti kwa sindano, kisha weka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye beringi peke yake, si kwenye meno ya gia.

Swali (Area D): Kwa nini unasisitiza ndani? Uani kwangu ni papana.

Jibu: Mwezi wa nane mwaka juzi nilidhani hivyo hivyo. Niliirusha uani saa tatu asubuhi, ikapanda vizuri mpaka ikavuka ukuta, na huko juu ikakutana na upepo ambao chini sikuusikia. Helikopta hizi huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa hiyo upepo wowote unaouzidi mwendo huo huichukua. Tena rimoti yangu ni ya infraredi, na mwanga wa jua huimeza ishara yake. Nilibaki nimeshika vijiti visivyo na kazi nikiitazama ikitua juu ya mabati ya jirani, kisha nikaenda kubisha hodi kuomba ngazi.

Swali (Ipagala): Na nikinunua kubwa ya kurushia nje, kuna kibali?

Jibu: Uwanja wa ndege wa Dodoma uko ndani ya mji, na ndege halisi hupita chini juu ya paa zetu. Vyombo visivyo na rubani viko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Waulize wao kabla ya kununua.

Swali (Kondoa): Mwanangu ana miaka saba. Anaweza kuanza?

Jibu: Anaweza, mama, ukiwa umeketi naye. Afunge nywele, asiinamie helikopta mapanga yakizunguka, na kuchaji kubaki kazi yako. Ukweli ni kwamba watoto hujifunza ile kanuni ya kushusha resi upesi kuliko sisi.