Jinsi ya kuingia kwenye fyusheni kupitia upande wa biashara

Mpaka sasa hamna kampuni hata moja duniani inayouza umeme wa fyusheni, yaani nishati ya kuunganisha viini vya atomi, na ukilishika hilo mapema utaelewa kwa nini biashara yake haiko kama ya sola au mafuta. Mwekezaji anatoa hela leo kwa ajili ya mtambo utakaowaka miaka ijayo, kwa hiyo kinachouzwa ni ahadi, na kazi yako wewe mtu wa biashara ni kuhakikisha ile ahadi haiwazidi mainjinia.

Kwa hiyo anza na fizikia, sio ya digrii, ya kukutosha tu. Mitambo ya nyuklia iliyopo inapasua urani, fyusheni inaunganisha viini vyepesi, mara nyingi diuteriamu na tritiamu, aina mbili za haidrojeni. Ukichanganya kupasua na kuunganisha kwenye intavyuu umekwisha. Afu jifunze kusoma matangazo. Chukua lile la Desemba 2022 la maabara ya Lawrence Livermore kule Marekani: leza ziliingiza megajuli 2.05 za nishati kwenye shabaha, yaani kidonge kidogo cha mafuta ya fyusheni, ikatoka 3.15, dunia nzima ikashangilia, na ilistahili kabisa manake haikuwahi kutokea. Sasa uliza zile leza zenyewe zilivuta umeme kiasi gani ukutani. Karibu megajuli 300. Namba zote ni za kweli ila kila moja imepimiwa sehemu yake, na mwekezaji akikubana hapo ukaanza kubabaika hatakuamini tena kwa lolote. Kila tangazo lifanyie hivyo hivyo: kimeingia nini, kimetoka nini, wamepimia wapi.

Ukishazoea hapo hamia kwenye mikataba. Mei 2023 Microsoft walikubaliana na kampuni ya fyusheni ya Helion kununua umeme wa mtambo wa megawati 50 unaolengwa kuanza 2028, na kampuni ya umeme ya Constellation wakapewa upande wa kuuza na kusafirisha huo umeme. Juni 2025 Google nao wakachukua megawati 200 za ARC, mtambo ambao Commonwealth Fusion Systems wanapanga kuujenga Virginia, Marekani. Mikataba kama hii inaandikwa na watu wanaojua gridi, bei, na nani analipa umeme ukichelewa, kwa hiyo kama umeshawahi kushika mikataba ya upepo au sola usijione mgeni, hicho unacho tayari na wanakihitaji sana.

Ila mlango ninaoupenda mimi ni ugavi. Wengi wanakimbilia kampuni zinazojenga mitambo wanasahau wanaowauzia sumaku, leza, pampu za vakyumu, na hawa wana wateja leo hii, hawasubiri mtambo uwake ndio waingize hela. Kyoto Fusioneering ya Japani, iliyoanzishwa 2019, inauza vifaa kama jairotroni, mashine za mawimbi za kupashia joto plazma, ile gesi ya moto sana ambamo fyusheni hutokea. Halafu kuna ITER, mradi wa kimataifa wa majaribio ya fyusheni unaojengwa kusini mwa Ufaransa, ambapo vifaa vya mchango wa Umoja wa Ulaya vinanunuliwa kupitia shirika lake la Fusion for Energy la Barcelona na zabuni zao zinatangazwa wazi. Tafuta hati moja ya zabuni uisome mwanzo mwisho, angalia kifaa kinapimwaje kabla ya kupokelewa, malipo yanatoka hatua gani, kikiharibika njiani hasara ni ya nani. Hapo utajifunza kitu ambacho kozi nyingi hazikupi.

Kama wewe ni wa sheria au sera, nafasi ipo. Aprili 2023 mamlaka ya nyuklia ya Marekani, NRC, iliamua fyusheni isisimamiwe kama mitambo ya kupasua atomi, na uamuzi wa namna hiyo unagusa muda wa kupata leseni na gharama yote ya mradi.

Kutafuta kazi sasa. Fusion Industry Association, chama cha kampuni za fyusheni, wanatoa ripoti kila mwaka ya kampuni na hela zilizowekezwa, chagua kampuni moja humo, andika kurasa 2: wanamuuzia nani kabla umeme haujaanza, hatua inayofuata ni ipi, ikichelewa hela itatoka wapi. Mtumie mtu wa biashara wa pale pamoja na swali moja la maana, usitume CV tupu.

Na ukiitwa, wewe pia wahoji. Hela iliyopo inawafikisha wapi? Wakikupa hisa badala ya mshahara mzuri piga hesabu kama vile hizo hisa ni sifuri, uone kama bado unaweza kuishi. Kama mtambo wao ni wa tritiamu waulize wataipata wapi, manake inapungua nusu kila miaka 12 hivi na nyingi ya kibiashara inatoka kwenye mitambo ya nyuklia ya maji mazito aina ya CANDU. Anayejua kazi yake atakueleza mpango wa kuizalisha kwa lithiamu na atakwambia wazi kipi hakijajaribiwa, akikwepa swali endelea kutafuta kwingine.