Somo: Mmenyuko wa Suzuki kwa maji, bila tangi la naitrojeni

Wengi mnaosoma kemia ya kikaboni mmefundishwa ubaoni mmenyuko wa Suzuki, unaounganisha pete mbili za kaboni kwa msaada wa paladi, mkachora duara la mishale, mkafaulu mtihani, lakini hamjawahi kuufanya kwa mikono yenu. Sababu zinazotolewa ni zile zile: naitrojeni hakuna, kichocheo chenye fosfini (molekuli za fosforasi zinazoishikilia paladi) kinaharibika kwa hewa, viyeyusho vikavu bei yake haishikiki. Leo tunaufanya ndani ya maji, kwa metali ya paladi iliyopakwa kwenye mkaa, ambayo maabara nyingi za chuo tayari zinayo kwa kazi ya kuongeza haidrojeni. Njia yenyewe si yangu, vyuo vingi duniani vinaitumia kufundishia.

Kwa kifupi tu kuhusu asili yake: Akira Suzuki na Norio Miyaura waliutangaza mwaka 1979 wakiwa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani. Mwaka 2010 Suzuki akapewa Nobeli pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi, kila mmoja kwa namna yake ya kuunganisha kaboni na kaboni kwa paladi. Na usidhani ni mambo ya vitabuni. Losartani, dawa ya presha inayouzwa hata kwenye maduka ya dawa mitaani kwetu, ina pete mbili za benzini zilizoshikana, na Suzuki ni mojawapo ya njia ambazo viwanda vimetumia kuzishikanisha.

Kinachotokea ndani ya chupa

Paladi hapa ni mshenga: inamshika huyu, inamshika yule, wakishaungana inaondoka kutafuta wengine. Kwanza inajipenyeza kati ya kaboni na iodini ya 4-iodofenoli. Kisha pete ya fenili (pete ya benzini) inahama kutoka kwenye boroni ya asidi ya fenilboroni kwenda kwenye paladi. Mwisho pete mbili zinaungana kuwa 4-fenilifenoli, ambayo ndiyo zao letu, na paladi inabaki huru.

Hatua ya katikati ndiyo inayohitaji besi, na ndiyo wanafunzi wengi wanaipita haraka. Asidi ya fenilboroni peke yake ni mvivu, haiachii pete yake hivi hivi. Besi inasaidia ama kwa kuipa boroni chaji hasi, ama kwa kuweka haidroksidi kwenye paladi yenyewe. Wanakemia wamebishana muda mrefu ni njia ipi inatawala. Kwako wewe uliye mezani jibu ni moja: ukisahau besi, utachemsha maji bure.

Vitu vya kupima

4-iodofenoli miligramu 220 (milimoli 1), asidi ya fenilboroni miligramu 122 (milimoli 1), potasiamu kaboneti, ndiyo besi yetu, miligramu 414 (milimoli 3), paladi ya asilimia 10 kwenye mkaa miligramu 3, na maji yaliyotoneshwa mililita 10. Tayarisha pia asidi haidrokloriki ya moli 2 kwa lita na methanoli.

Miligramu 3 za kichocheo zina miligramu 0.3 tu za paladi, yaani takriban asilimia 0.3 ya moli za iodofenoli. Msiongeze kwa kuona huruma. Ikiwa mizani yenu haisomi kiasi kidogo hivyo vizuri, zidisheni kila kitu mara tano mfanye kundi zima kwa chupa moja, kubwa kuliko ile ya mililita 50 ya hatua ya 2.

Hatua

1. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi kwenye kabati la kutolea hewa. Iodofenoli inachoma ngozi. Paladi ya mkaa ikiwa kavu na ikakutana na mvuke wa methanoli inaweza kuwaka yenyewe, kwa hiyo methanoli ikae mbali mpaka hatua yake.

2. Weka kaboneti, asidi ya fenilboroni na iodofenoli kwenye chupa ya mviringo ya mililita 50, tia maji, weka sumaku ya kukorogea. Kwenye chombo kingine lowanisha paladi kwa matone ya maji, ndipo uimimine ndani.

3. Funga kondensa, fungulia maji ya kupozea, chemsha huku ukikoroga kwa nguvu kwa dakika 30. Kukoroga si mapambo: kichocheo ni chengachenga zisizoyeyuka, zikitulia chini kazi inazorota.

4. Acha ipoe mpaka joto la chumba. Sasa tone kwa tone weka asidi haidrokloriki. Itatoa povu jingi, ni kaboni dioksidi kutoka kwenye kaboneti iliyobaki, kwa hiyo ukimimina kwa pupa zao lako litapanda mpaka mezani. Endelea mpaka litmasi ya bluu igeuke nyekundu.

Hapa simama kidogo uelewe. Kabla ya asidi, sehemu kubwa ya fenoli yako ilikuwa chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka majini. Asidi inairudishia haidrojeni yake, nayo maji hayaipendi tena, inaganda. Unachokiona ni tope la kijivu: zao jeupe likiwa limechanganyika na mkaa mweusi.

5. Chuja kwa pampu, osha kwa maji baridi. Tupa kimiminika kwenye chombo cha taka, baki na tope.

6. Hamishia tope kwenye bika, ongeza methanoli mililita 10. Zao linayeyuka, mkaa hauyeyuki. Chuja kwa funeli ya kawaida na karatasi iliyokunjwa. Kinachopita kinatakiwa kiwe angavu kabisa. Kikiwa na rangi ya moshi, rudia kuchuja. Karatasi yenye mkaa ilowanishe maji mara moja, iende kwenye chombo cha taka za metali, kamwe si kwenye ndoo ya takataka.

7. Ongeza maji mililita 10 kwenye methanoli hiyo. Chenga nyeupe zitajitokeza papo hapo. Chuja, osha, kausha, pima.

Kiasi cha juu kabisa kinachowezekana ni miligramu 170. Ukipata 140, hiyo ni asilimia 82, furahi.

Uhakiki fanya kwa kiwango cha kuyeyuka. 4-fenilifenoli safi inayeyuka kwenye nyuzi 164 hadi 166 za Selsiasi. Iodofenoli inayeyuka kwenye 92 hadi 94, na bifenili, inayotokea asidi za boroni zinapoungana zenyewe kwa zenyewe, ni kama 70. Namba hizi zimeachana kiasi kwamba huwezi kudanganyika. Kipimo cha feri kloridi, kinachoonyesha fenoli kwa kubadilika rangi, hakitakusaidia, kwa sababu uliyeanza naye ni fenoli na uliyemaliza naye ni fenoli.

Maswali ya wanachama

Mkemia Mtarajiwa: Shikamoo mwalimu. Hewa haiui paladi hapo? Vitabu vinasisitiza naitrojeni.

Marahaba. Vinasisitiza kwa sababu ya fosfini, ambazo oksijeni inaziharibu. Hapa hakuna fosfini. Oksijeni bado ina madhara yake, inachochea ile bifenili, lakini kwa iodofenoli mmenyuko unakwisha haraka na madhara ni madogo. Anayetaka kujiridhisha achemshe maji yake kwanza kutoa hewa.

Stoo Haina Kitu: Mkuu, sisi tuna 4-bromofenoli na 4-klorofenoli tu.

Bromo jaribu, ila ipe muda zaidi na uifuatilie kwa TLC (kromatografia ya tabaka jembamba). Kloro achana nayo kwa njia hii. Kifungo cha kaboni na klorini ni kigumu, kinahitaji fosfini kubwa zenye elektroni nyingi, na hapo tumesharudi kwenye bei tulizozikimbia.

Mkaa Mweusi: Yangu imetoka kijivu na inayeyuka 150 hadi 158. Ni mkaa umepita?

Ni mambo mawili tofauti, ndugu. Kijivu ndiyo, ni mkaa. Lakini mkaa haushushi kiwango cha kuyeyuka, kwa sababu hauyeyuki ndani ya zao. Kilichoshusha ni maji yaliyobaki au iodofenoli isiyoisha. Kausha vizuri upime tena. Isipobadilika, iyeyushe kwenye methanoli, chuja tena, uigandishe upya kwa maji.

Dada Maabara: Kwa nini tusitumie shaba? Ni rahisi mno kuliko paladi.

Ilitumika kabla, dada. Mwanakemia Ullmann aliunganisha pete mbili kwa unga wa shaba tangu 1901. Tatizo ni joto, mara nyingi nyuzi 200 au zaidi, na shaba inatumika kwa wingi, si kama kichocheo. Tena ukitaka pete mbili zisizofanana unapata mchanganyiko. Kwa miligramu 0.3 za paladi, mimi sioni akiba.

Protini Kwanza: Msimamizi wangu kaniambia nifanye kapling ya peptaidi, yaani kuunganisha asidi amino. Nitumie hatua hizi?

Hapana, hiyo haina paladi wala boroni. Pale unaiamsha asidi ya kaboksili kwa kitendanishi kama DCC au EDC ili amini iishambulie na kufanya kifungo cha amaidi. Kama una uchaguzi, chukua EDC: mabaki yake yanaoshwa na maji yenye asidi kidogo, wakati yale ya DCC ni chenga za urea utakazokuwa unazichuja kila hatua. DCC pia inaweza kukuletea mzio mkali wa ngozi, kwa hiyo ukilazimika kuitumia, pima ukiwa na glavu ndani ya kabati la hewa.