SOMO: Mto umeingia nyumbani. Jinsi ya kuandikishwa ili msaada ukufikie

Wakuu, tangu masika yaanze nimejibu swali hili kwenye simu, msikitini na humu ndani: "Maji yameingia kwangu, naanzia wapi?" Leo naandika mara moja, mwenye kuhitaji atarudi hapa.

Niko bonde la Rufiji, na ni mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji. Wa Kilombero, Kilosa au Msimbazi nanyi mnaweza kulitumia, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia kijiji au mtaa, kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya. Msaada hushuka kwa njia ile ile taarifa iliyopandia. Taarifa yako isipopanda, hakuna kitakachoshuka.

1. Watu kwanza. Wahesabu watoto, wazee na wagonjwa. Usirudi ndani usiku kufuata godoro. Kwetu maji huja na mamba na nyoka.

2. Umeme: kama swichi kubwa iko pakavu na wewe umesimama pakavu, zima. Kama sivyo usiguse, ita mafundi.

3. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo. Kesho yake nenda kwa Mtendaji wa Kijiji, uone kwa macho yako jina lako daftarini.

4. USISAFISHE KILA KITU KABLA YA TATHMINI. Hapa ndipo nilipoharibu mwaka 2020, na nisingependa mtu mwingine apitie nilichopitia. Maji yalipotoka, tope lilifika kwenye kifundo cha mguu na nyumba nzima ilinuka mahindi yaliyochacha. Magunia manne tuliyoyaweka juu ya uchaga yalikuwa yamelowa mpaka katikati, ukiingiza mkono ndani unakuta joto, na punje zimeshatoa mizizi myeupe. Mimi na mke wangu tukaona aibu mgeni atukute vile. Tukachota tope, tukamwaga mahindi mtoni, tukakandika kuta upya. Timu ya tathmini ilipofika siku ya tisa ikakuta nyumba safi. Kijana mwenye fomu akauliza, "Maji yalifika wapi?" Nikanyoosha mkono ukutani, mahali ambapo palikuwa na udongo mpya, mbichi. Akaandika anachokiona. Mbegu zilipogawiwa, jirani yangu aliyeloweshwa kuliko mimi kidogo tu alipata, mimi sikuwemo. Msimu ule nililima kwa mbegu ya kukopa.

Basi fanyeni hivi. Mstari wa tope ukutani uacheni, hata kama ni kwenye chumba kimoja tu. Piga picha mtu akiwa amesimama kando yake, ili kimo kionekane. Chakula kilichooza msikiweke ndani, kinaleta maradhi, lakini kabla ya kukifukia kipige picha na umwite mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili wakione, waandike majina na kusaini kwenye karatasi ya daftari la shule. Shambani vivyo hivyo: piga picha mabua yaliyolala kabla hujapanda tena. Sehemu ya kulala watoto safisha mara moja, afya haisubiri fomu.

ONYO: picha zitume kwa mtu aliye mbali siku hiyo hiyo. Simu zinaingia maji.

5. Siku ya tathmini uwepo mwenyewe, au mtu mzima anayeijua mali yako. Taja ekari kama zilivyo kwenye usajili wako wa ruzuku ya mbolea. Ukitaja tano huku umesajili mbili, hata zile mbili zitatiliwa shaka. Soma fomu kabla ya kusaini. Kama husomi, njoo na mwanao anayesoma, akusomee kwa sauti.

6. Ombeni orodha isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na ibandikwe ofisini. Ukikuta jina halipo, andika barua fupi kwa Mtendaji, nakala kwa Mtendaji wa Kata, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

7. Nyaraka zilizozama: anzia polisi upate ripoti ya upotevu, kisha cheti cha kuzaliwa RITA, kitambulisho NIDA. Nakili namba ya NIDA sehemu tatu.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana wa Nyamwage: Mkuu sijasoma yote, naomba namba ya kupiga nitumiwe hiyo hela.

Jibu: Hakuna namba na sijaandika popote kuhusu hela. Soma hatua ya 3.

Mama Wawili: Shikamoo kaka. Mume wangu yuko Dar anatafuta riziki. Mwenyekiti anasema nyumba haina kichwa cha kaya mpaka arudi.

Jibu: Marahaba dada yangu. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Wewe ndiye unayepika, wewe uko na watoto, wewe ndiye kichwa cha kaya siku hiyo. Mwambie aandike jina lako na namba ya simu ya mumeo pembeni. Akikataa, nenda kwa Mtendaji pamoja na mwanamke mwingine mwenye tatizo kama lako, maana hautakuwa peke yako. Kwetu 2024 walikuwa wengi na wote waliandikwa. Na wenye wake wawili, majiko mawili: hizo ni kaya mbili, ziandikwe mbili.

Fundi Baiskeli: Mimi mpangaji. Mwenye nyumba kaandikwa, kaniambia msaada wangu umo ndani ya jina lake.

Jibu: Haumo. Nyumba ni yake, vyombo na chakula ni vyako. Jiandikishe kaya yako.

Mdau: Fidia yetu inatoka lini?? Serikali inatuchezea!

Jibu: Msaada wa maafa si fidia. Fidia ni pale serikali inapotwaa ardhi yako kwa matumizi ya umma, inathaminiwa na kulipwa. Huu ni unga, mahema, vyandarua, mbegu, pengine kiwanja.

Mdau: Unatetea wakubwa.

Jibu: Nimezama mara mbili kwenye maji haya haya. Nakueleza tofauti ili usikatae mbegu ukisubiri hundi.

Mjukuu wa Utete: Nasoma chuo, naomba nielewe jambo. Kwa nini wazee wetu hawahami bonde moja kwa moja? Na je, haya yameletwa na bwawa?

Jibu: Ahsante kwa swali. Mto ule unaotuzamisha ndio unaotulisha. Maji yakipungua yanaacha tope jipya, na watu wanapanda humo humo wakilifuata linavyokauka. Ndicho kilimo cha mlau. Zamani watu waliishi shambani kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya nguruwe na viboko. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilifanya Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa vijiji vya juu, lakini wengi waliendelea kushuka kulima, kwa sababu udongo wa juu ni mchanga. Kwa hiyo mtu akipewa kiwanja mlimani, swali lake la kwanza ni shamba: nitafika kwa saa ngapi? Ukiandika utafiti, usiliache hilo.

Kuhusu bwawa: mto huu ulifurika 1974 na 1998, kabla bwawa halijaanza kujengwa. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 22, 2022, na mvua za El Niño za 2024 zililikuta limejaa, maji yakafunguliwa. Ninachokidai mimi ni taarifa kutufikia mapema, tukiwa bado tunaweza kuvuna. Ila siku ya tathmini usibishane kuhusu chanzo. Fomu inauliza ulichopoteza.

Mkazi wa Kigogo: Nyumba yangu iko kama mita 30 kutoka mtoni. Nikijiandikisha si nitajichongea?

Jibu: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, hivyo usitegemee kuruhusiwa kujenga upya hapo. Lakini chakula na blanketi ni vya mtu aliyepatwa na maafa. Jiandikishe.

Kijana wa Nyamwage: Nimeambiwa nilipe elfu tano ya fomu.

Jibu: Fomu ni bure. Anayedai hela piga ripoti TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, namba 113, kupiga ni bure. Andika tarehe, mahali na alichosema kabla hujapiga.

Kijana wa Nyamwage: Sawa mkuu. Nimesoma yote sasa, samahani.

Jibu: Hakuna shida mdogo wangu. Pole kwa yaliyowapata. Kama jina halijaingia, niandikie nikupe mfano wa barua.

Bi Mkubwa wa Muhoro: Mwanangu, cheti cha ndoa kimelowa na karatasi zimeshikana. Nimekianika juani kinajikunja.

Jibu: Shikamoo mama. Kitoe juani sasa hivi. Usizibandue zikiwa zimelowa chapachapa. Laza kivulini juu ya kanga kavu, badilisha kanga kila inapolowa, na zikianza kulegea zenyewe pitisha jani kavu la mnazi katikati taratibu. Likigoma, acha mpaka kesho.

Bi Mkubwa wa Muhoro: Marahaba. Jani limepita upande mmoja.